Majibu Yangu Yalikwenda kwa Msimamizi

Ninyi mlioanza kazi wiki hii, niangalieni vizuri kwanza. Mwili huu nimeurudisha kwa shida. Zamani nilibeba robota la tumbaku huku nacheka. Humu godauni hakuna mwanamke aliyeniweza, na nilijisifu.

Mwaka ule upimaji wa afya ukawa wa kidijitali. Tulipigwa picha ya kifua, tukaambiwa majibu yatakuja kwa simu. Wengi hatukuwa na simu. Msimamizi wetu, Bwana Haule, akasema, "Wekeni namba yangu wote. Mimi si baba yenu?" Tukampigia makofi, wajinga sisi.

Nikaanza kukohoa. Usiku nalowa jasho mpaka shuka inakamulika. Sketi ikawa inanivuka, naifunga kwa kamba. Nilipomuuliza Haule, alitazama simu yake, akasema, "Majibu yako safi, Mama Neema. Vumbi tu hilo. Tumalize msimu kwanza."

Siku moja nikatema damu juu ya majani tuliyokuwa tunachambua. Rafiki yangu Tekla, niliyekaa naye benchi moja, alinifuta mdomo kwa kanga yake, akanipeleka hospitali. Daktari alifungua kompyuta, akashangaa.

"Mama, una kifua kikuu. Ujumbe wa kukuita tulituma zamani. Mbona hukuja?"

Nilimchukia Haule, na namchukia mpaka leo. Tunaimba kwaya moja. Padri amenisihi nimsamehe, nimemwambia bado.

Dawa zilinitesa. Mkojo ukawa mwekundu, natapika, magoti yanawaka moto. Mwishowe nikapona.

Nikiwa bado kwenye dawa, wenzangu walipimwa upya. Mimi nilikuwa nimeshanunua simu, na Tekla, ambaye bado hakuwa nayo, aliweka namba yangu. Ujumbe wake ulipoingia, nilijikokota mpaka kwake siku ileile. Alianza dawa, lakini kifua kilikuwa kimekwisha. Tulimzika kabla mimi sijamaliza zangu. Alikohoa kikohozi changu.

Namshukuru Mungu, na wauguzi walionivumilia na matusi yangu. Ushauri wangu ni huu: kama huna simu, nenda mwenyewe ukaulize majibu. Usiweke namba ya anayetaka umalize msimu.

Namba yangu sijaibadilisha. Ofisi ya upimaji nimewaambia mara nyingi Tekla amekufa, wanasema mfumo utarekebishwa. Kila mwaka simu inalia: "Tekla, unakumbushwa kuja kupima afya." Nausoma ujumbe wote, najifunga kanga, naenda kupima mimi.