Shuka Lenye Jani la Bluu

Harufu ya pasi ya mkaa inapopita juu ya kitambaa chenye wanga hunitoa jasho mpaka leo. Wengine harufu hiyo huwakumbusha Jumapili na nguo za kanisani. Mimi huona kitanda kilichotandikwa vizuri mno katika nyumba isiyokuwa yetu, na mtoto wa kike amesimama pekupeku mlangoni.

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mpya wakati huo, na mji wa Babati ulijaa wageni. Watumishi waliohamishwa kutoka Arusha na kwingineko walipanga vyumba ambavyo saruji yake ilikuwa bado mbichi, na wazee waliendelea kuandika "Mkoa wa Arusha" kwenye barua kwa mazoea. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alitutoka nikiwa mdogo. Mama alimfuata miaka miwili kabla ya haya ninayowasimulia. Niliacha shule nikiwa darasa la sita ili niwaangalie wadogo zangu wawili, Daudi wa miaka kumi na moja na Paulina wa miaka saba. Tulikuwa na nyumba yetu ndogo Nangara, kipande cha shamba la mahindi, na kazi yangu kwa Mama Joyce.

Mama Joyce alikuja Babati kwa sababu mumewe alihamishiwa ofisi za mkoa. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya barabara. Walikuwa wamejenga kinyumba cha vyumba viwili upande wa Nakwa, karibu na ziwa, cha kupumzikia mwisho wa juma. Bati liliezekwa, sakafu ikapigwa, fedha zikaisha. Ndipo zikaja habari kwamba mama mkwe wake anatoka Moshi kuja kula Krismasi, na anataka kulala hukohuko ziwani asikie viboko.

"Vero," aliniambia, ameshika picha ya hoteli aliyoikata kwenye kalenda, "nataka pawe hivi. Ila hela hamna, mwanangu. Tumia akili. Bibi akipapenda, wewe ndiye utakayepatunza, kazi ya kudumu."

Kazi ya kudumu! Nilitumia akili ambayo sikujua ninayo. Nilikata matete ziwani, nikayafunga kwa kamba za katani yakawa mapazia. Nilifumua magunia, nikayachovya kwenye maji ya udongo mwekundu, yakawa zulia. Chupa tupu nilizitia maua ya porini. Mvuvi mmoja alinipa wavu uliochakaa, nikautundika ukutani kama kwenye ile picha, na kwa siku mbili paka wote wa Nakwa walilala chini ya dirisha letu wakisubiri kambale. Ilibidi niuloweke kwa majivu mara tatu.

Mama Joyce alizunguka chumbani akipiga makofi. Kisha akafika kitandani, akainua ncha ya shuka. Mashuka yake yote yalikuwa yamepauka.

"Hapa ndipo tutakapoaibika," alisema.

"Nina shuka nyumbani," nikasema. "Jeupe, la kudarizi."

"Limedariziwa na nani?"

Ningeweza kusema ukweli. Lakini alikuwa ametoka kunisifu kwa mapazia, na sifa ni tamu kwa mtoto asiyekuwa na wa kumsifu.

"Mimi," nikajibu.

Lilikuwa shuka la mama. Alilidarizi jioni baada ya jioni, maua mekundu pande zote na maneno LALA SALAMA katikati. Uzi wa kijani ulimwishia kabla ya jani la mwisho, akalimalizia kwa bluu. "Anayelala hakagui majani," alituambia, akacheka. Baada ya yeye kuondoka, shuka hilo lilikaa kwenye sanduku la bati. Tulilitandika siku moja tu kwa mwaka, usiku wa kuamkia Krismasi, tukalala juu yake sisi watatu. Paulina alidai upande wenye jani la bluu, akaliweka shavu lake hapo. Uso wa mama ulikuwa umeanza kumpotea. Jani hakulisahau.

Nilijiambia naliazima tu, na Krismasi yetu tutaisogeza hadi mwaka mpya. Nililitoa sandukuni wadogo zangu wakiwa shambani, nikalipiga pasi kwa wanga wa muhogo mpaka likasimama kama karatasi.

Bibi aliwasili alasiri ya mkesha. Alikuwa mrefu, mwenye fimbo na macho ya kukagua. Alishika matete, akanusa wavu, nami nikashusha pumzi. Alikuwa anapitisha mkono juu ya shuka niliposikia miguu ikikimbia uani.

"Dada! Dada, wezi! Sanduku la—"

Paulina alisimama mlangoni. Alikuwa amekimbia njia yote kutoka Nangara, matope hadi magotini, gauni limechanika begani. Hakuwa ameweza kungoja usiku. Alilifungua sanduku mapema, akalikuta tupu, akaja kwa mtu pekee aliyemjua wa kupelekewa habari za wezi. Akaliona shuka. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye jani la bluu, kisha kwangu.

"Huyu naye katoka wapi?" bibi akauliza. "Ndugu yako?"

Kwetu kila binti mkubwa ni dada. Neno hilo halikunifichua.

"Hapana, bibi. Simjui. Atakuwa wa majirani."

Paulina alinitazama kidogo. Kisha akapiga goti, "Shikamoo bibi," akasubiri marahaba yake kama tulivyomfundisha, akageuka akaenda zake.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba niliogopa kupoteza kazi. Ninyi nitawaambia zaidi ya hapo. Nilimwonea aibu. Yale matope, lile gauni, kwenye sakafu niliyoisugua mimi.

Nilipofika nyumbani jioni, Daudi alinidaka mlangoni, fimbo ingali mkononi.

"Paulina kapoteza shuka la mama! Eti alikwenda kulifua ziwani, kiboko akatokea, akaliacha akakimbia. Nimemchapa!"

Paulina alikaa pembeni ya jiko, macho yamevimba. Hakuniangalia. Nilivua viatu.

"Usimpige tena," nikasema.

Daudi alidhani ni huruma. Nikamwacha adhani hivyo. Siku tatu baadaye bibi aliliomba shuka akalilalie Moshi, na Mama Joyce akalikunja mwenyewe. "Si utadarizi lingine, Vero? Wewe fundi bwana!" Nilipata kazi ya kudumu. Ilitulisha miaka sita, na ndiyo iliyomvalisha Paulina sare.

Niliwahi kumuuliza, akiwa msichana mkubwa, kwa nini alijitwisha kosa lile. Alikuwa anachambua maharage, na hakuacha.

"Nilifikiri kutonijua ni sehemu ya kazi yako," alisema. "Kama kufagia."

Watu wa Nangara husema niliwalea wadogo zangu bila kuyumba, na mimi huitikia. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba siku ile nilibebwa na mtoto wa miaka saba, akachapwa kwa ajili yangu, na hakunidai hata neno.

Krismasi iliyopita tulikuwa wote kwa Paulina. Alikuwa akipiga pasi kitambaa cha meza kwa pasi ileile ya mkaa, na Daudi, aliyeota mvi kabla ya wakati, akaanza utani wake wa kila mwaka mbele ya watoto.

"Mnamwona shangazi yenu Paulina? Alimtandikia kiboko shuka la bibi yenu. Kiboko yule analala salama mpaka leo!"

Watoto wakaangua kicheko. Paulina akacheka nao. Nikafungua mdomo.

"Daudi, lile shuka—"

"Dada," Paulina akanikatiza bila kuinua macho, "chai yako inapoa."

Nikanywa chai. Ndiyo maana nimeyaandika haya hapa, ambapo hawezi kunikatiza. Daudi, kiboko hakuwepo. Shuka nililichukua mimi, na yule mtoto mlangoni nilimjua.