Kadi ya Picha kwa Mdogo Wangu

Sikuipenda kompyuta ile tangu siku ilipoingia nyumbani. Lilikuwa sanduku la bati jeusi, zito, lenye ubavu mmoja usiofunga, na likiwashwa lilinguruma mpaka Maman akauliza toka jikoni ni nani ameleta mashine ya kusaga mihogo. Mjomba wetu wa Bukavu ndiye aliyempa mdogo wangu, baada ya kuichoka mwenyewe. Mdogo wangu aliipokea kwa mikono miwili, akaifuta vumbi kwa shati lake la Ijumaa.

Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao huku tunauita drepano. Baridi kidogo, mvua kidogo, safari ya kwenda Bugarama na kurudi, basi mifupa ilimshika akalia hadi sauti ikakauka. Shule aliiacha katikati kwa sababu siku za kulazwa zilizidi siku za kusoma. Akabaki chumbani, na mle chumbani alikuwa anaendesha lori. Ndio mchezo alioupenda: lori refu la mizigo, barabara za nchi za mbali, ukifikisha mzigo unapewa mwingine. Niliona ni upuuzi mtupu, mtu mzima kukaa nusu siku anapeleka saruji ambayo haipo. Lakini akiwa barabarani alisahau maumivu, na miguu aliiweka nyuma ya mashine, pale feni inapotoa hewa ya moto. Kwa hiyo nilinyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu.

Mimi ni fundi wa makochi, Kamembe, upande wa Rwanda. Mbao nazitoa Mururu, na wateja wangu wazuri ni wakulima wa mpunga wa Bugarama, ambao wakishavuna wanaozesha mabinti na kila binti anataka kuingia kwake na makochi. Nina ugomvi mmoja na wateja wote. Wao wanaanza na kitambaa. Wanashika mahameli nyekundu, wanaipapasa, wanauliza bei, na fremu hawaitazami kabisa. Mimi nasema fremu kwanza. Fremu, kisha mikanda, kisha sponji, kitambaa mwisho. Nimewahi kumfukuza mteja na mke wake kwa sababu walitaka niweke kitambaa kipya juu ya mbao zilizoliwa na wadudu. Mtaa mzima unajua, na wananitania kwa hilo. Wengine wananiita Fremu.

Basi mashine ikaanza kuzeeka vibaya. Mchezo ulipoletewa mabadiliko, lori likawa linakwenda kwa kushtukashtuka. Miti ilitokea ghafla mbele ya gari. Vioo vya pembeni mdogo wangu alikuwa amevizima ili kuipunguzia mashine kazi, vikawa vyeusi tu, akawa anaendesha bila kujua kilichoko nyuma. Tulikuwa na uwezo wa kununua vipuri mara moja kwa mwaka, hilo alilijua, na wala hakulalamika. Yeye alikuwa na mpango, kuanza na bodi, ule ubao wa ndani ambao vipuri vyote vinachomekwa juu yake. Alinieleza mara nyingi, mimi nikiwa napiga misumari na yeye kajifunika blanketi kwenye kochi la mteja.

"Yaya, sikiliza," aliniambia. Yaya ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa huku. "Bodi njo fremu. Tukibadirisha bodi, na prosesa yake, na RAM, mwaka huu hautaona kitu. Picha itabakia paka vilevile. Mais mwaka ingine tunatia kadi ya picha ya mupya, ile yenye kuchora barabara na miti. Mwaka ingine tena, disque ya kutunza vitu. Mashine itakaa miaka kumi."

"Na tukianza na kadi?"

"Kadi yenye kuingia mu hii bodi ya zamani, nayo ni ya zamani. Batu bameishaitumikisha. Itakupatia picha muzuri, kiisha itakufa, na utabakia na zéro." Akacheka. "Ile ni ya muntu hana mpango. Ni kitambaa ile, yaya."

Hapo alinipata, na alijua amenipata. Nikamwambia sawa, mwaka huu bodi. Alifurahi hata akamwita Maman aje asikie. Maman alikuja na unga mikononi, akasikia habari za bodi na prosesa bila kuelewa chochote, akasema inshallah.

Kabla ya kwenda kununua, mifupa ikamshika tena, na safari hii haikuwa mifupa peke yake. Alivimba miguu na uso. Tulikaa naye hospitalini muda mrefu. Siku ya kumtoa, daktari aliniita pembeni, kwenye korido, akanieleza kwa Kinyarwanda, polepole, kama mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi. Moyo umechoka. Figo zimechoka. Kigali tulishafika na yaliyowezekana kule yalishafanyika. Akaniambia tusihesabu tena kwa miaka. Nilimuuliza tuhesabu kwa nini sasa, nikamuuliza kwa ukali, utafikiri yeye ndiye aliyemletea ugonjwa. Akasema kwa miezi.

Kwetu mgonjwa haambiwi. Habari ya namna hiyo anapewa mkubwa wa nyumba, naye huwapa watu wazima, na wote hukaa na mgonjwa wakimchekea. Wazee wanasema mgonjwa akijua, moyo wake unatangulia, mwili unaufuata. Sijui kama ni kweli. Baba alikwisha kufariki, kwa hiyo mkubwa nilikuwa mimi. Nilimwambia Maman kwenye karakana, tumekaa juu ya magunia ya sponji, mlango umefungwa na wateja wanagonga. Alilia bila sauti. Alipomaliza alijifuta kwa kitenge, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua kama anayo.

"Asijue," alisema. "Unanisikia? Hata kidogo asijue."

Akatoka pale, akaenda moja kwa moja chumbani kwa mdogo wangu, akaanza kumtania kwamba ameona msichana huko msikitini, mpole, na mwakani atampelekea posa. Nilisikia wanacheka. Nilirudi kwenye karakana nikavunja mguu wa kiti uliokuwa mzima.

Nikavuka kwenda Bukavu, upande wa Kongo, kununua bodi. Siku hizo daraja la mpakani lilikuwa bado linapitika bila maneno mengi, na mjomba alikuwa amenielekeza kwa fundi anayeuza vipuri. Fundi aliileta bodi ndani ya boksi lake, pamoja na prosesa na RAM. Nikaishika. Nilijua hasa ninachokishika: mwaka huu hakuna kitakachoonekana, picha itabaki vilevile, vioo vitabaki vyeusi, miti itaendelea kurukaruka. Faida iko mwakani, na mwaka wa kufuata. Nilikuwa nanunua fremu ya kochi ambalo aliyeliagiza hatalikalia.

Nikairudisha juu ya meza. Nikaomba kadi ya picha, iliyotumika, yenye nguvu kuliko zote zinazoweza kuingia katika mashine ya zamani. Fundi akanitazama.

"Papa, minakuambia ukweli," alisema. "Hii itakupatia raha mwaka moya, pengine moya na nusu. Kiisha usikuye kunilalamikia."

"Inatosha," nikasema.

Nililisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu. Fundi alifikiri mimi ni mtu wa maringo tu, akaanza kuifunga kadi kwenye gazeti. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye matope mpaka akaniita nikachukue mzigo wangu.

Nyumbani mdogo wangu alikuwa amekwisha kuifungua mashine, skrubu amezipanga kwenye kisahani cha chai. Alifungua gazeti. Akaigeuza ile kadi, akapuliza vumbi kwenye feni zake.

"Yaya, hii ni kadi."

"Bodi haikupatikana."

"Ilikuwako. Mujomba alinipigia simu asubui, alisema fundi amekuwekea bodi." Hakupandisha sauti. "Ulienda mule, ukaacha bodi, ukakamata kadi. Weye. Fremu."

Nikaanza kufoka. Nilisema nimenyeshewa na mvua, nimesimama mpakani na watu wa mabegi, na hakuna hata asante katika nyumba hii. Nilisema kama hataki, kesho nairudisha, na hilo sanduku lenyewe nalitupa Ziwa Kivu. Alinisubiri nimalize. Amenizoea.

"Weye hauwezi kuanza na kitambaa," alisema. "Batu bote banajua. Sasa uniambie. Docteur alisema nini?"

Nikaanza kuhesabu skrubu kwenye kisahani.

"Alisema miaka?"

Nikazihesabu tena.

"Miezi?"

Niliinama nikawa natafuta bisibisi chini ya kitanda, na bisibisi ilikuwa juu ya meza, mbele yetu sote wawili. Nilikaa kule chini muda mrefu. Nilisikia anapumua, kwa shida ile ile ya siku zote, na nikaogopa kuinua kichwa. Kwa miaka yote nilijua kumbeba, kumfunika, kumpeleka hospitali kwa pikipiki akiwa amefungwa kwenye mgongo wangu kwa shuka. Hili sikujua kulifanya.

"Maman anajua?" aliniuliza.

"Anajua."

"Bon. Usimwambie kama mimi najua. Ataanza kulia mbele yangu, na ile mimi siwezi. Sitaweza, yaya. Uape."

Nikaapa. Akanipa mkono nikatoka chini ya kitanda, akaniambia nishike taa.

Aliichomeka kadi mwenyewe. Ubavu wa sanduku haukufunga kabisa sasa, kadi ilikuwa ndefu, tukauacha wazi. Alipowasha mchezo sikuamini. Mvua ilikuwa inateremka kwenye kioo cha lori na wiper inaipangusa. Milima ilikuwa na misitu. Akawasha vioo vya pembeni, na ndani yake barabara tuliyokwisha kuipita ilionekana yote, na magari yakitufuata. Alisema "ah!" kama mtoto. Nami nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi hata nikaona haya.

Baada ya hapo nyumba yetu ikawa mahali pa ajabu. Maman alikuwa anaingia na uji, anakaa kwenye ukingo wa kitanda, anatazama lori likipita katika miji ya watu, na anazungumza habari za mwakani. Mwakani posa. Mwakani tutapaka chumba hiki rangi. Mwakani kaka yako atakununulia ile bodi yako. Na mdogo wangu, macho yakiwa barabarani, anajibu, "Ndiyo, Maman. Na prosesa yake, asisahau." Anamuuliza yule msichana ana urefu gani, anajua kupika sombe, kisamvu chetu? Maman anamjibu kwa kirefu. Mimi nakaa kati yao na bakuli la uji mkononi, najua anachokijua huyu na anachokijua huyu, na natamani kuipiga teke meza ile na kila kitu kilicho juu yake. Mara nyingi nilitoka nikasema nina kazi.

Nilipokuwa naye peke yake hakulizungumzia jambo lile. Mara moja tu, alipokuwa amesimamisha lori kwenye maegesho ili apumzishe mikono, alisema anashukuru kwamba nilichagua kadi. "Bodi ingekuwa muzuri kwako," alisema. "Weye ungelala vizuri, na mimi ningebakia kungojea mwaka ingine." Nilimwambia afunge mdomo aendeshe.

Mvua kubwa zilipoanza alishindwa kukaa. Tulimwegemeza kwa mito, baadaye mito haikusaidia. Alitaka mashine iwashwe tu, hata bila kucheza, kwa ajili ya ule moto miguuni. Alikufa asubuhi, umeme ukiwa umekatika, Maman akimsugua nyayo kwa mikono yake. Nilimwosha pamoja na wanaume wa msikitini. Alikuwa mwepesi sana. Tulimzika kabla ya alasiri, ardhi imelowa, na mwenye sepetu alikuwa analaani matope mpaka nikamnyang'anya nikachimba mwenyewe.

Watu walipokwisha kutawanyika na mikeka kukunjwa, Maman aliniita chumbani kwake. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, shela imemteremka mabegani. Sikuwahi kumwona amechoka hivyo. Nilidhani anataka maji.

"Mutoto wangu," alisema, "unambie ukweli. Alikuwa anajua?"

Nilitazama ukuta. Nilikuwa nimeapa kwa mmoja, na huyu mwingine alikuwa ameniamuru.

"Hapana, Maman. Hakujua hata kidogo."

"Alhamdulillahi." Akafumba macho. Nilifikiri amelala, nikaanza kuinuka. "Nilimuficha muzuri, ee?"

"Ulimuficha muzuri, Maman."