Msala wa Mama Uliochakaa Mahali Pawili

Mama alipofariki, dada yake mkubwa ndiye aliyetugawia vitu vyake baada ya hitima ya arobaini. Tuliobaki ni mabinti wawili: mimi, na mdogo wangu anayetandika vyumba hotelini Diani. Nilipewa sufuria zote na kinu. Mdogo wangu akapewa msala wa kuswalia.

Mama alipokuwa mgonjwa hapa Msambweni, mimi ndiye niliyemtia udhu kila swala. Mama mkubwa aliiona sura yangu. Akasema, “Wewe una wajukuu wa kuwapikia. Au watakula msala?”

Watu walicheka. Nikacheka nao, lakini moyo ulikuwa unaniwaka.

Msala wenyewe si kitu cha kugombewa. Mama aliusuka kwa ukindu, na ukili mmoja, ule utepe wa kusukwa, aliushona ukaenda upande, kwa hivyo hata ukiunyoosha vipi haukai sawa. Umechakaa mahali pawili pa kusujudia. Pakubwa ni pa kipaji cha uso wa mama. Kando yake, chini kidogo, ni pa mdogo wangu. Utotoni alikuwa hana afya, na mama hakutaka awe mbali naye hata wakati wa kuswali. Walisimama bega kwa bega juu ya msala wa mtu mmoja, mimi niko jikoni nachochea moto. Nilipomaliza niliswali juu ya kanga, maana msala ulikuwa umeshakunjwa.

Ramadhani ilipokaribia, mdogo wangu aliuleta. Pa mama palikuwa pametoboka. Yeye hajui kusuka. Mama alinifunza mimi.

“Dada, nishonee pa mama tu,” akasema. “Pangu paache.”

Neno hilo, pangu, liliniuma. Alipoondoka nililowesha ukindu nikasuka ukili wa kutosha mahali pote pawili. Nilikusudia kupaziba na pake, kisha nimwambie nilisahau. Nilitia kiraka pa mama. Nikawa nimeshakata kipande cha pili, adhana ya alasiri ikalia.

Nikautandika, nikasimama katikati. Niliposujudu, uso wangu haukugusa kiraka wala pale padogo. Uligusa ukindu mgumu, mzima, ambao hakuna aliyewahi kuuchakaza. Wivu ulinipanda hata nikashindwa kuendelea na tasbihi. Kisha nikamwambia Mola: mimi nimefika hapa, nipokee hapa hapa. Nikakaa chini muda mrefu nikimwombea mama rehema. Tangu tumzike, dua zangu zote zilikuwa na malalamiko ndani yake. Ile haikuwa nayo.

Kile kipande nilichokwisha kukikata nilikitia motoni jikoni.

Mdogo wangu alirudi kuuchukua. Alipitisha kidole juu ya kiraka, akasema nimeshona vizuri, kisha akapatafuta pake.

“Hukupaziba.”

“Si uliniambia nipaache?”

“Nilijua utapaziba, dada. Ningekuwa wewe, ningepaziba.”

Sikumwambia nilivyokusudia. Nadhani hakuhitaji kuambiwa. Aliuliza kama anaweza kuuacha kwangu hadi mwezi uandame, nikakataa, maana nilijijua: ukilala kwangu hautatoka tena. Akaukunja akautia kwapani. Nilimsindikiza hadi barabarani, tukaongea habari za bei ya unga na za watoto, na njia nzima macho yangu yalikuwa kwenye ule msala. Bado nautaka.