Siku Niliyokuta Gari Langu Sebuleni

Nilirudi nyumbani saa nne asubuhi nikakuta gari langu limeegeshwa sebuleni.

Si uani. Sebuleni.

Pua imezama kwenye kabati la vyombo, indiketa ya kushoto inawaka na kuzima kama vile linaomba njia liingie chumbani.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wangu wananiita Klachi, kwa sababu ndilo neno ninalopiga kelele kutwa nzima. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka kwa miguu kwenda kutoa kopi za fomu zao. Gari nililiacha nje, limezimwa, limefungwa, ufunguo ninao mfukoni.

"Klachi, pole!" majirani wakanidaka. "Ni lori! Lori la saruji!"

Dereva wa lori alikuwa ameshuka juu kule kwenye mteremko kununua vocha. Breki ya mkono ikaachia. Lori likaserereka lenyewe, likalibeba gari langu, likalipitisha ukutani, kisha lenyewe likajilaza mtaroni kama halijui lolote.

"Mama yuko wapi?"

Jirani mmoja akanyoosha kidole kuelekea nyuma.

Mama yangu mzazi alikuwa chumba cha nyuma. Boriti ilikuwa imeziba mlango. Tulivunja dirisha tukamtoa, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele mpaka kucha.

"Mwanangu," akaniuliza, "kwani leo umefundisha nani?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja.

Bima ya lori ilikuwa imeshakwisha, na mwenye lori akazima simu. Nikasema potelea mbali, si nina bima zangu?

Nilikuwa nazo mbili, kampuni mbili.

Ya gari alichagua mke wangu. Yeye ni nesi, na hanunui kitu bila kuuliza. Alimtafuta mwenzake wa kazini ambaye mumewe aliwahi kugongwa, akamhoji kama polisi. Akanipeleka kwenye kiofisi cha chumba kimoja juu ya duka la rangi. Nilimcheka wiki nzima.

Ya nyumba nilichagua mimi. Nilikaa na simu, nikalinganisha bei za kampuni tano, nikaokota ya chini kabisa. Tena jengo lao lote vioo! Nikajiona mjanja wa mjini.

Jamani, rahisi ghali.

Kile kiofisi nilipokipigia, mama mmoja, ambaye baadaye tulimwita Mama Miwani, aliniuliza swali moja kwanza: "Kuna aliyeumia?"

Kesho yake mkaguzi wao akaja. Alilala kifudifudi chini ya gari, akapima alama za matairi ya lori, akapiga picha ndani na nje. Wiki ya tatu walikuwa wameshamaliza kila kitu. Nikapata gari jingine, nikarudi kwa wanafunzi wangu.

Wale wa vioo?

Bonyeza moja. Bonyeza nne. Muziki.

Lete fomu. Nikaleta. Lete ripoti ya polisi. Nikaleta. Lete risiti halisi za fanicha.

"Dada, risiti ziko chini ya ukuta."

"Basi ukizipata utuletee, kaka."

Faili liko ghorofa ya tatu. Anayehusika yuko likizo. Njoo Jumatatu. Nilipigwa danadana mpaka mlinzi wa getini akanizoea kwa sura.

Na wakanionya: usiguse chochote, usijenge chochote, mpaka dai liamuliwe. Kwa hiyo sebule ikabaki wazi, tukaziba kwa turubai. Mimi, mke wangu, watoto wawili na mama, wote kwenye vyumba viwili vyenye nyufa.

Wiki ya pili walimtuma mkaguzi wao. Mzee mmoja mkimya, ana daftari. Hakutoa hata pole. Akazunguka, akaandika, akakataa maji ya kunywa, akaondoka.

"Huyu ndiye mchawi wetu," nikamwambia mke wangu.

Mvua zikaanza.

Turubai lilijaa maji likachanika. Mama akaanza kukohoa. Nikahamisha kitanda chake kona hii, maji yakamfuata. Nikahamisha kona ile, yakamfuata. Siku ukuta wa chumba chake ulipoanguka, alikuwa chooni, Mungu mkubwa. Siku mbili baadaye alilazwa. Nimonia.

Barua ikaja mwezi wa tatu tangu ajali. Mistari minne tu.

Uharibifu umesababishwa na gari linalomilikiwa na mteja mwenyewe. Mkataba hauhusiki. Dai limekataliwa.

Nilikimbia mpaka kaunta. "Dada, gari halikuwa na mtu! Lilisukumwa!"

"Kaka, mfumo unaonyesha gari ni lako."

"Ni langu, lakini..."

"Basi, si ndiyo hivyo?"

Nikakaa sakafuni, mtu mzima na ndevu zangu. Mlinzi akanishika kwapa: "Mzee, inuka, wateja wanapita."

"Na mimi ni nani?"

Akanisindikiza mpaka nje.

Pale kwenye ngazi za nje ndipo aliponifuata jamaa mmoja na mkoba wake. Kufa kufaana.

"Nimesikia yako, ndugu. Dawa ipo. Tunaandika kwamba gari uliliuza wiki moja kabla. Likishakuwa si lako, watasema nini?"

Nilitia saini juu ya mkoba wake. Akaniambia imebaki saini ya mke wangu tu, kama shahidi.

Nilimkuta hospitalini, kando ya kitanda cha mama. Akaisoma ile karatasi mara mbili.

"Hii ni nini?"

"Hii ni nyumba."

"Huu ni uongo, baba watoto."

"Na ukweli umetufikisha wapi? Mama amelala kwenye maji mpaka kalazwa!"

Akaichana vipande vinne, akavitia mfukoni mwa sare yake. Nilimtamkia maneno ambayo hapa siyaandiki. Nikatoka, nikajifungia ndani ya gari, nikalia mpaka vioo vikaota ukungu.

Sikujua kwamba mwenzangu alipotoka zamu alikwenda moja kwa moja kwenye kile kiofisi cha juu ya duka la rangi. Nyumba haikuwa yao, dai halikuwa lao. Mama Miwani akaisoma barua, akavua miwani.

"Hili si dai letu, mwanangu. Lakini picha ni zetu."

Akamtolea nakala zote. Akamweleza kwamba kuna ofisi inayosimamia kampuni za bima, na inasikiliza malalamiko. Akakaa naye mpaka barua ya malalamiko ikaisha kuandikwa.

Ofisi hiyo ilituita baada ya wiki sita. Mwanasheria wa vioo akaja na suti, akasoma kile kifungu cha gari la mteja mwenyewe. Msikilizaji, mama wa makamo, akaziangalia picha zetu, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe faili lenu lote. Si kurasa ulizochagua."

Akafunua. Akafunua. Akakomea kwenye ukurasa mmoja.

"Hii nani aliisoma?"

Mwanasheria akaanza kupekua karatasi zake.

Akaisoma yeye, kwa sauti. "Gari la mteja lilikuwa limezimwa na kufungwa. Lilisukumwa na lori. Lori ndilo chanzo. Napendekeza walipwe haraka. Kuna mama mzee anaishi humu na mvua ziko karibu."

Ilikuwa ripoti ya yule mzee mkimya. Mchawi wangu! Ilikaa kwenye faili tangu wiki ya pili.

Kwenye ripoti ile aliandika wazi kwamba gari ni mali yangu. Kama karatasi yangu ya mauzo ingefika pale, ningempinga shahidi pekee aliyenitetea ndani ya jengo lao, tena kwa saini yangu. Ningetoka pale tapeli.

Mke wangu akaniminya goti chini ya meza. Mpaka leo hajaitaja ile karatasi.

Walilipa ndani ya wiki mbili. Nyumba imesimama. Mama yu hai, ila pumzi zake si zile. Akitoka chumbani mpaka mlangoni lazima akae kwanza. Hicho hakuna kampuni itakayomrudishia.

Ndugu yangu unayesoma, kabla ya kukata bima usiulize bei peke yake kama mimi. Mtafute aliyepatwa na janga, muulize: siku ulipodai, walikuja lini, na walikuambia nini?

Na ukinyimwa haki yako, idai kwa ukweli hata kama umebaki na ukweli huo tu. Hujui nani ameshauandika mahali.