Bustani Iliyoshindiliwa

Mume wangu ni mfyatua matofali, na hajui kugusa kitu taratibu. Mlango anaufunga kwa teke, kikombe anakibamiza mezani, hata akimpongeza mtoto kwa kumpiga mgongoni unasikia kishindo. Watu wakamwita Shindilia, na jina likamkaa. Mtu aliyekanyaga udongo tangu ndevu hazijaota, utamwambia nini kuhusu ulaini? Mimi nilishazoea.

Nyumba yetu iko juu, ya mdogo wake iko chini, kwenye kiwanja kimoja walichogawiwa na baba yao. Shemeji ni mchomeleaji wa mageti, na hasira zake ni za ukoo ule ule. Anaishi na mama yao, anayelala chumba cha nyuma, ukuta wa matofali mabichi. Kila mvua ikinyesha, maji ya bati letu yalikuwa yanateremka hadi kwenye ukuta huo na kuula kidogo kidogo.

"Kaka, ukuta wa mama ukianguka, mimi na wewe hatutazikana," shemeji alisema siku moja, amemkaba mwenzake kola. Mume wangu akampiga kichwa cha pua. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Lakini maneno yalimwingia. Redioni alisikia habari za bustani ya mvua: unachimba shimo pana lisilo na kina mahali maji yanapopita, unarudishia udongo uliolegea wenye mchanga, unapanda mimea inayopenda maji, na mvua inazama hapo hapo badala ya kukimbilia kwa jirani. Akachimba kama anayegombana na ardhi. Kisha miguu yake ikafanya kazi inayoijua. Kabla ya kurudishia udongo, aliikanyaga sakafu ya shimo kwa visigino, akaipiga kwa gogo, mpaka ikang'aa. Akapanda ndago na matete aliyoyatoa machimboni, akaniita nione. Nilimsifu, jamani. Ilipendeza.

Mvua kubwa ilikuja mchana. Maji yakaingia bustanini, yakatulia, yakapanda. Hayakuzama hata tone. Yalipofika ukingoni, ukingo ukapasuka na yakashuka yote kwa mkupuo. Tukasikia ukuta wa chini ukianguka.

Shemeji alikuwa ndio anarudi kutoka kazini. Aliona kifusi tangu njiani, akapanda moja kwa moja kwetu na mtaimbo mkononi.

"Umefanya makusudi! Leo nakuua!"

"Nimekuchimbia wewe, mpumbavu!"

Mtaimbo ulimpata mume wangu mkononi, na mfupa nikausikia. Wakaangukia bustanini wote wawili, wanang'atana, wanazamishana vichwa kwenye tope lenye damu. Nilipiga mayowe. Nilimpiga shemeji kwa ndoo mdomoni, nikampiga na mume wangu pia, kwa sababu nilikuwa nimewachoka. Shemeji akajinasua, akauinua mtaimbo kwa mikono miwili juu ya kichwa cha kaka yake. Mume wangu akajiviringisha. Chuma kikapita kwenye tope, kikatoboa sakafu ya shimo, na maji yakaanza kuzama hapo yakitoa mapovu.

Mume wangu akayakodolea macho.

"Nimeishindilia," akasema kwa sauti ndogo. "Mungu wangu, nimeishindilia mwenyewe."

Baadaye shemeji ndiye aliyeibomoa sakafu hiyo yote, na bustani inakunywa mvua mpaka leo. Lakini wakati ule alikuwa bado anahema, anautafuta mtaimbo topeni, na mimi ndio kwanza akili zinanirudia.

"Mama yuko wapi?"

"Si yuko kwako, shemeji?" akasema. "Mchana si huwa anapanda kwako?"

"Leo hajapanda."

Waliteremka wakikimbia na kuanguka. Wakafukua kwa kucha, kaka mtu kwa mkono mmoja. Mama mkwe alikuwa chini kando ya kitanda, matofali yamembana miguu, maji yamemfika kidevuni. Pale alipokuwa, kila tusi letu lilikuwa limemfikia. Aliwatazama wanawe, mmoja meno ya mbele hana, mwingine mkono unaning'inia.

"Mmemaliza?" akauliza.