Akala ya Mguu wa Kulia

Dada yangu huuza akala, viatu vya matairi, sokoni Kariokor. Mimi huandika programu, lakini moyoni nimebaki mchuuzi: kila kitu nahesabu mara mbili. Basi dada alipomfungia mteja wa Komarock akala mbili za kushoto, na mteja akarudi kumuuliza kama amemwona ni bata, nilijitolea kumtengenezea dada programu ya mauzo.

Kwanza niliandika maelezo rasmi: kibandani kuna vitu gani, na kipi kinaruhusiwa kukaa na kipi. Kila kitu nikakipa aina. Akala ya kushoto aina yake, ya kulia aina yake. Jozi ni moja ya kushoto na moja ya kulia, saizi ileile, na kinachouzwa ni jozi tu. Kompyuta ikayakagua hayo kabla programu haijafanya kazi, ikathibitisha: kushoto mbili haziwezi kuuzwa tena. Nilitembea kama bwana harusi.

Kisha akaja mteja wetu wa miaka mingi kutoka mtaa wa Umoja, mwenye mkongojo na mguu mmoja, wa kulia. Dada alikuwa ameenda kununua gundi.

"Niaje, fundi. Nipe yangu."

Nikabonyeza. Programu ikakataa.

"Mashine haijui kuuza moja, mzee. Chukua jozi, nitakupunguzia."

"Unipunguzie nini tena? Mguu walishapunguza."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ya kushoto nivae wapi, kichwani?"

Ningempa tu mkononi, yaishe. Badala yake nikamwambia sheria ikivunjwa mara moja si sheria. Mimi, ambaye sijawahi kukubali bei ya kwanza ya kitu chochote! Akageuza mkongojo, akaenda.

Dada aliporudi nikamsimulia, akashika kiuno. "Humjui? Si ya kushoto huchukuliwa na yule mshona mikoba hapo nyuma, asiye na mguu wa kulia? Wale wawili huvaa jozi moja!"

Nilijua. Nimewahi kuwafungia kwa mikono yangu. Nilipoandika maelezo hawakunijia akilini, na mashine hukagua ulichoiambia, basi.

Nikaongeza aina nyingine: akala inayouzwa peke yake. Kompyuta ikakubali bila neno. Nikaibeba ile ya kulia hadi Umoja.

Nilimkuta mlangoni, amevaa raba ya dukani.

"Nilinunua jozi," akasema kwa upole.

Ya kushoto ilikuwa kando yake, mpya, karatasi bado imo ndani. Nikamwomba achukue akala, bure. Akasema mguu anao mmoja, na tayari una kiatu.