Nyoka Kwenye Pesheni ya Mama Mkwe

Mama mkwe alipohamia kwetu kutoka Kagera, baada ya kumzika baba mkwe, alishuka melini na begi moja la nguo na kopo la rangi lililojaa udongo. Ndani ya kopo ulisimama mche wa pesheni wenye majani matatu.

"Shikamoo mama," nilimwambia, nikanyoosha mkono nichukue begi.

"Marahaba, mwanangu. Shika hili kopo kwanza. Begi haliwezi kuvunjika."

Tunakaa Ilemela, juu kilimani, ambako nyumba zimejipenyeza katikati ya mawe. Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe refu kuliko paa, na sikuwahi kufikiri kwamba pale panaweza kuota kitu. Yeye alichimba shimo kwenye mguu wa jiwe, akaomba mbolea ya kuku kwa jirani, akafunga waya kutoka jiweni hadi kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Mvua za mwaka wa pili zilipokuja, pesheni ilikuwa imelipanda jiwe lote na kuning'inia kama pazia mbele ya dirisha langu. Dirisha hilo ndilo la kazi yangu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na kuanzia hapo nikawa nashonea kwenye kivuli cha kijani.

Jirani aliyetoa mbolea ndiye aliyeanza kunitia wasiwasi. Ni mama wa Kisukuma, mfugaji wa kuku, mwenye sauti inayovuka ukuta bila kubisha hodi.

"Mwanangu, ukipanda pesheni umepanda nyoka," aliniambia. "Yale maua yananukia. Harufu ile inawaita."

Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua hata macho.

"Nimezaliwa migombani, nimelelewa migombani, nimeolewa migombani. Kama matunda yangekuwa yanaita nyoka, Wahaya tungekwisha zamani."

Mimi nilikuwa upande wa jirani. Tangu utoto nyoka ananiogopesha kiasi kwamba hata mpira wa kumwagilia maji nauzunguka kwa mbali. Na binti yangu, ambaye wakati huo ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia, alipenda kuchuchumaa chini ya pesheni na kuokota zilizoanguka. Nilimwomba mume wangu aongee na mama yake. Akasema, "Nyie mtaelewana," akaenda kazini. Basi nikaongea mwenyewe, kwa siku nyingi, mpaka mama mkwe akachoka.

"Zikishachumwa za mwisho, kata," alisema.

Kwenye majani yale, karibu sana na wavu wa dirisha langu, ndege wawili walikuwa wamejenga kiota. Ni wale wenye kishungi cheusi na manjano chini ya mkia, wanaokuja kudonoa mapapai na kila kitu kitamu. Kiota kilikuwa na mayai matatu ya rangi ya waridi hafifu, yenye madoadoa kama yamerushiwa matope. Nikichoka kushona nilikuwa nayatazama.

Asubuhi moja ya mawingu, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, nilikuwa napinda sketi ya shule wale ndege walipoanza kupiga kelele ambazo sikuwahi kuzisikia kwao. Niliinua kichwa. Nikaona kama kikonyo kikavu cha pesheni kinasogea. Kisha nikaona kina macho.

Mguu wangu ukaganda kwenye pedali. Nilijaribu kuita, ikatoka sauti ndogo, ya mtoto. "Mama."

Mama mkwe akaja mbio kutoka jikoni, panga mkononi. Akasimama nyuma ya bega langu. Tulikuwa na wavu tu kati yetu na yule nyoka. Alikuwa mwembamba, wa kahawia, na mabaka meusi yamempangika mgongoni. Kichwa chake hakikuzidi ncha ya kidole changu gumba.

"Zunguka nje umkate," nilimnong'oneza.

Hakwenda. Kwa sababu wakati huohuo nyoka alifungua mdomo.

Sijui nieleze vipi. Alianza kama anayepiga mwayo, na mwayo ule haukuisha. Taya zikaachana, ngozi ya shavu ikatanuka hadi magamba yakatengana na katikati yake nikaona weupe. Yai lililokuwa kubwa kuliko kichwa chake likaanza kuingia, polepole, bila kupasuka. Likaingia lote. Mdomo ukafungwa, uso ukarudi kuwa mdogo kama kwanza, na shingoni pakabaki uvimbe. Akainama kidogo. Tukasikia mlio, mdogo sana, kama mtu amekanyaga konokono mkavu. Uvimbe ukashuka. Kisha akafungua tena mdomo, akatema ganda, limekunjamana kama karatasi ya pipi, halina hata tone la ute.

Ndege walikuwa bado wanalia. Nyoka akaliendea la pili.

"Hana mikono," mama mkwe alinong'ona.

"Unasema nini, mama?"

"Hana mikono, hana kisu, na amemenya yai."

Ganda la pili lilipoanguka, jirani alitokea kwenye kona ya nyumba, ameshika jembe. Kelele za ndege zilikuwa zimemfikia.

"Kifutu!" alipiga kelele. "Mnaangalia nini? Mwueni!"

Nyoka akajikunja mara moja, akaanza kujisugua mwenyewe kwa mwenyewe, na mwili wake ukatoa sauti ya dagaa wanaotumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Jirani, ambaye sijawahi kumwona akirudi nyuma kwa jambo lolote, alirudi nyuma, jembe kalikumbatia kifuani.

Mama mkwe akasogeza mdomo karibu na wavu. "Dada, mwache," alisema kwa upole. "Anakula."

Alivyolisema neno hilo, ungedhani ni mgeni aliyekutwa mezani.

Jirani alisimama. Sote watatu tukasimama. Ile sauti ya mafuta ikapungua, ikaisha. Nyoka akajikunjua, akapitisha kichwa kwenye ufa wa jiwe, na mwili wake ukaendelea kumfuata ndani, kidogo kidogo, muda mrefu baada ya kichwa kupotea. Kwenye kiota lilibaki yai moja.

Mama mkwe alikaa juu ya rundo la vitambaa vya wateja. Panga akaliweka chini.

"Yesu na Maria!" alisema. "Kwetu mwanamke akiona nyoka anakimbia, wanaume wanakuja kuua. Umri wangu wote huu nimewaona wengi. Sijawahi kumtazama hata mmoja."

Tulitoka nje kuokota maganda. Jirani aliliweka moja kwenye kiganja, akaligeuza.

"Kwa hiyo hakufuata maua," nilisema.

"Alifuata mayai," akajibu mama mkwe. "Na ndege walifuata matunda."

"Basi ni yaleyale niliyosema," jirani alisema. "Pesheni ndiyo imemleta." Lakini alisema taratibu, na hakulitupa lile ganda.

Jioni mume wangu alitafuta kwenye simu, akatuonyesha picha. Ni yeye kabisa: mla mayai, hana sumu, anajifanya kifutu mwenye sumu ili aachwe. Niliitazama picha hiyo mpaka chakula kikapoa.

Sikukata pesheni. Tulikata matawi ya chini, na kila asubuhi naokota zilizoanguka, kwa sababu zikioza panya huja, na anayekuja kuwinda panya huenda asiwe mpole kama yule. Jirani alihamisha gunia lake la pumba za kuku kutoka ukutani. Binti yangu hasogei pale kabla mtu hajapiga majani kwa fimbo. Na mimi bado naogopa. Mpira wa maji naendelea kuuzunguka. Ila sasa nikiogopa, shingo yangu inageuka kutazama.

Ndege mmoja alirudi siku ileile mchana. Sikutegemea. Alizunguka kiota mara kadhaa, akalikalia lile yai moja, na mwishowe likatoa kinda lenye mdomo mkubwa kuliko mwili.

Siku chache baada ya mambo hayo niliingia jikoni kuchukua moto wa pasi yangu ya mkaa. Mama mkwe alikuwa amenipa mgongo, amesimama mbele ya kioo kidogo cha mume wangu cha kunyolea. Mkononi alikuwa na yai la kuku, amefungua mdomo mpaka mwisho, analipima.

Aliniona kwenye kioo. Hakuona aibu hata kidogo.

"Haliingii," alisema. "Hata nusu."